The Boys: mara ya kwanza kwa wiki, mara ya pili kwa mkupuo

Mdogo wangu aliniuliza kwa simu, "Dada, safari hii umeonaje pale Kenji anapouawa?" Nikakaa kimya. Nilikuwa nimekiona kipindi kile siku tatu tu kabla, lakini nilipoitafuta dakika ile kichwani sikuipata. Niliikumbuka ya mwaka 2020, siku niliyoitazama kwa mara ya kwanza: kiti nilichokalia, chai iliyopoa, mvua. Ya juzi haikuwepo.

Mwezi Februari nilikuwa na likizo ya wiki mbili. Msimu wa tano na wa mwisho wa The Boys ulitangazwa kuanza tarehe 8 Aprili 2026, nami sikutaka kuufikia nikiwa naulizia nani alimuua nani. Nikaamua kurudia misimu yote minne tangu mwanzo, vipindi 32. Nilivimaliza kwa siku tisa, hapa hapa nyumbani Tanga. Isipokuwa msimu wa kwanza, vyote nilikuwa nimevitazama kimoja kimoja, wiki kwa wiki, jinsi vilivyokuwa vikitoka. Kwa hiyo nimeijaribu tamthilia moja kwa njia mbili, na ninachopima hapa zaidi ni zile njia. Nitataja matukio makubwa ya misimu yote minne. Ambaye hajaitazama aitazame kwanza.

Kwa ufupi, The Boys ni tamthilia ya Amazon Prime Video inayosimamiwa na Eric Kripke, na chanzo chake ni vitabu vya katuni vya Garth Ennis na Darick Robertson. Katika ulimwengu wake masupahiro ni waajiriwa wa kampuni iitwayo Vought. Wanacheza filamu, wanatangaza bidhaa, wanapimwa umaarufu kila siku, na wakiua raia kwa uzembe kampuni inawalipa ndugu wa marehemu ili wanyamaze. Mkuu wao, Homelander, huvaa joho la bendera ya Marekani, na Antony Starr anamwigiza kwa namna ambayo tabasamu lake peke yake linatosha kukunyima usingizi. Wanaopambana nao ni kikundi cha watu wa kawaida wanaoongozwa na Billy Butcher, ambaye ni Karl Urban. Damu ni nyingi mno. Watoto wakiona joho na rangi zile watadhani ni ya kwao, na mzazi anayewaachia rimoti atajuta ndani ya dakika kumi za kipindi cha kwanza, pale supahiro A-Train anapompitia Robin kwa kasi yake na kijana Hughie, atakayejiunga na Butcher, anabaki ameshika mikono tu ya mchumba wake huyo.

Msimu wa kwanza ulitoka wote kwa siku moja, tarehe 26 Julai 2019, vipindi vinane. Mimi niliupata kwa flashi. Kulikuwa na kibanda cha muvi karibu na stendi, unampa kijana flashi yako, unakaa kwenye benchi, anakujazia. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyojifunza kutazama sizoni, na kabla ya flashi zilikuwepo DVD zilizobanwa msimu mzima ndani ya sahani moja. Netflix ilipoachia vipindi vyote 13 vya House of Cards tarehe 1 Februari 2013, Wamarekani waliona ni jambo geni. Sisi tulikuwa tumeshazoea kumaliza msimu mwishoni mwa wiki moja, mtu anafika kazini Jumatatu macho mekundu.

Lakini kabla ya DVD kulikuwa na kitu kingine, na nimekikumbuka sana katika siku hizi tisa. Baba alikuwa akirudi na gazeti lenye hadithi ya mfululizo ukurasa wa ndani. Mimi na mdogo wangu tuligombania lile karatasi hadi mama akaweka zamu: wiki hii anaanza mkubwa, wiki ijayo mdogo. Chini kabisa, kwa herufi nyeusi, paliandikwa ITAENDELEA. Wiki nzima tulikuwa tukitunga wenyewe kitakachotokea. Mara nyingi tuliyoyatunga yalikuwa mabaya kuliko ya mwandishi, lakini yalikuwa yetu, na hata leo nayakumbuka baadhi yake wakati majina ya wahusika wa gazetini yameshanitoka.

Msimu wa pili ulipokuja Septemba 2020, Amazon ilibadili utaratibu. Tarehe 4 vilitoka vipindi vitatu, kisha kimoja kila Ijumaa mpaka tarehe 9 Oktoba. Watu walikasirika vibaya. Walijaa kwenye tovuti ya Amazon wakiupa msimu nyota moja, na ukisoma maoni yao wengi hawakuwa na neno baya juu ya tamthilia yenyewe. Walikuwa wakilalamikia kungojeshwa. Kripke akajitokeza kueleza kwamba uamuzi ulikuwa wa waandaaji, walitaka watu wapate nafasi ya kuyazungumza yaliyomo.

Nami nilikasirika, na bado naona hasira ile ilikuwa na haki yake. Malipo ni ya mwezi. Kutoka tarehe 4 Septemba hadi 9 Oktoba ni zaidi ya mwezi, kwa hiyo anayetaka kufuata wiki kwa wiki analipa mara mbili kwa vipindi vinane, wakati anayesubiri vyote vitoke analipa mara moja, anatazama, anajitoa. Kwa mshahara wa muuguzi hilo si dogo, na bando nalo liko pembeni linadai. Sisi tulichangia: mimi Septemba, mdogo wangu Oktoba. Yeye ni mwalimu, yuko Mwanza, na mwaka ule tulikuwa hatujaonana tangu msiba wa baba.

Tukawekeana utaratibu. Kila mmoja atazame kwake kabla ya Jumamosi jioni, halafu tupigiane simu baada ya chakula. Nikiwa zamu ya usiku natazama Jumamosi mchana nikiamka. Hakuna kutumiana ujumbe kabla ya simu, hata alama ya mshangao.

Vile vipindi vitatu vya kwanza viliishia kwa Kenji. Kwa aliyesahau: Kimiko, mwanamke wa kikundi cha Butcher, haongei. Ana ndugu yake mmoja tu wa kiume, Kenji, na wana lugha yao ya mikono waliyoitunga wenyewe utotoni baada ya kutekwa na wapiganaji. Duniani ni wao wawili tu wanaoijua. Mwishoni mwa kipindi cha tatu Stormfront, supahiro mpya wa Vought, anamfukuza Kenji ndani ya jengo la makazi, anaua wakazi weusi njiani kana kwamba anafagia uchafu, na anapomkamata anaanza kumvunja mikono. Mikono, ile wanayozungumzia. Kisha shingo. Kimiko anaona yote.

Na hapo ikakata. Wiki moja.

Sikungoja Jumamosi. Nilimpigia mdogo wangu usiku ule ule, akapokea akijua. Hatukuzungumza habari za supahiro yeyote. Tulizungumza habari za maneno yetu ya utotoni, yale ya kuficha kwa mama: jina tulilompa jirani, neno letu la njaa, namna ya kukohoa mara mbili wakati wa swala. Akaniambia, "Dada, wewe ukiondoka, haya maneno nitayasema na nani?" Wiki ile nzima niliingia wodini na Kimiko kichwani. Nilimfikiria mtu aliyebaki na lugha ambayo hakuna wa kumjibu. Ijumaa iliyofuata, Frenchie, mwenzake wa kikundini, alipokuwa akihangaika kutaka kumfikia naye anamkatalia, nilimwelewa Kimiko hadi kwenye mifupa. Na msimu ulipokaribia mwisho akaanza kumfundisha zile ishara, nilikuwa nimengoja jambo hilo kwa wiki kadhaa, kwa nusu ya roho yangu.

Februari hii, kati ya kifo cha Kenji na Frenchie kuja kumbembeleza, zilipita sekunde za kuhesabu. Kipindi kinaisha, namba zinahesabu kurudi nyuma pembeni mwa skrini, kingine kinaanza. Kimiko hakupata matanga.

Nataka nilieleze hili vizuri kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Kazini kwetu mtu hujifunza mapema kufunga mlango fulani ndani yake. Majeruhi wa bodaboda wameletwa watatu, huwezi kumlilia wa kwanza ukamhudumia wa tatu. Unafunga, unafanya kazi, ukitoka ndiyo unaufungua, kama bado unafunguka. Siku ya nne ya mkupuo wangu, sebuleni, nimejinyoosha kwenye kochi, niligundua kwamba nimeufunga mlango ule ule. Kichwa kinapasuka, nachukua karanga. Mtu anachanwa, naangalia simu. Hakuna aliyeniomba niwe imara pale, nilikuwa likizo. Ni wingi tu ulionifanyia hivyo. Tamthilia yenye ukatili wa namna hii imetengenezwa ili uchukizwe, na mwili wa binadamu haumudu kuchukizwa saa nne mfululizo. Unazima wenyewe.

Nitoe mfano mwingine, kwa sababu huu naona ndio ulio muhimu kuliko wote katika msimu wa pili, na kwa mkupuo unapotea kabisa. Kipindi cha saba kinaanza na kijana mmoja mpweke. Kila siku anatazama habari, kila siku anatazama vipicha vya mtandaoni vya Stormfront, na kila siku ananunua vitu vyake kwa muuza duka yule yule. Mara ya kwanza ni mteja na muuzaji. Siku zinavyokwenda macho yake yanabadilika, anaanza kumwogopa yule mtu, anamwona gaidi, na mwishowe anampiga risasi pale pale kaunta. Dakika chache tu. Hakuna supahiro hata mmoja katika tukio lile aliyenyanyua mkono.

Chuki ile iliingia kwa kijiko, siku hadi siku, na mwaka 2020 sisi nasi tulikuwa tukipewa kwa kijiko. Tulikuwa tumeshakaa na Stormfront kwa wiki kadhaa. Mwanzoni mdogo wangu alikuwa akimpenda, alikiri, kwa sababu anaongea wazi na anawachekesha watu na anaicheka kampuni. Tulipofika kwenye lile duka alinyamaza kwenye simu kisha akasema kwamba wanafunzi wake wanarushiana vipicha vya kuwadhihaki watu wa kabila fulani na yeye amekuwa akiona ni utani. Jumatatu yake alizungumza nao. Nilipokirudia kipindi hicho Februari, ilikuwa saa sita usiku, cha nne kwa siku ile, na nilikuwa nimeshaamka kwenda kuangalia geti. Nilirudi kijana amekwisha kupiga risasi.

Kipindi hicho hicho kinaisha kwa kikao cha bunge la Marekani ambapo Vought inachunguzwa, na ghafla vichwa vya watu vinaanza kupasuka kimoja baada ya kingine. Nani kafanya? Ilikuwa tarehe 2 Oktoba. Kwa siku saba mimi na mdogo wangu tulikuwa wapelelezi. Yeye alisema Stormfront. Mimi nilisema ni mkono wa Stan Edgar, mkurugenzi wa Vought, maana Giancarlo Esposito anamwigiza kwa utulivu ambao nauogopa. Mume wangu, ambaye hakuwa akiitazama, alisikiliza mabishano yetu kwenye spika ya simu akauliza, "Huyo mbunge mwanamke yeye alikuwa wapi?" Tukamjibu kwamba Victoria Neuman ndiye anayeichunguza Vought, haiwezekani. Tarehe 9 tukaona ni Neuman. Mpaka leo mume wangu anatukumbusha, na tangu hapo akawa mtazamaji.

Katika mkupuo swali lile linaishi kwa muda wa kipindi kimoja. Halafu unajibiwa na unasonga.

Nisiwe mchoyo wa haki kwa upande wa pili. Msimu wa kwanza niliupenda kwa mkupuo mwaka 2019, na nilipourudia nimeupenda vile vile. Umejengwa kama filamu ndefu: kila kipindi kinamsukuma Hughie hatua moja zaidi kwenye shimo, na ukisimama katikati unapoteza ile hali ya kukosa pumzi. Hata ile ndege iliyotekwa, katika kipindi cha nne, ilikaa nami. Homelander anaharibu mitambo ya ndege kwa macho yake mwenyewe, anaamua kuwaacha abiria wote wafe, supahiro mwenzake Maeve anaomba angalau wamchukue mtoto, anakataa. Kisha msiba huo huo unatumiwa kuuza wazo la masupahiro jeshini. Kwa hiyo sisemi kwamba mkupuo unaua kila kitu. Nasema msimu wa kwanza ulikuwa na jambo moja zito kwa kila kipindi na hewa katikati. Kuanzia wa pili waliongeza uzito wakaondoa hewa, na ile hewa ikabidi itoke kwenye kalenda.

Pia ratiba ya wiki haina huruma kwa kipindi dhaifu. Msimu wa nne niliona hivyo. Unangoja siku saba, unafika, na hadithi ya Frenchie na yule kijana Colin bado iko pale ilipokuwa. Ukiitazama kwa mkupuo unaipita kama kipande cha barabara mbovu. Ukiingoja, unahisi umedhulumiwa wiki nzima. Mdogo wangu alikosa simu mbili mwaka huo, na sikumlaumu.

Lakini msimu huo huo una kipindi cha nne, Homelander anaporudi kwenye maabara alikolelewa. Anaingia na keki ya aiskrimu mkononi, anawasalimia wafanyakazi wazee kwa majina. Yule aliyekuwa akimchoma akiwa mtoto anawekwa kwenye tanuri lile lile. Hapo niliona kwa mara ya kwanza kwamba namhurumia mtu ninayemwogopa, na sikulitaka hilo. Asante kwa ile wiki. Sikuwa tayari kuona kitu kingine usiku ule wala kesho yake.

Halafu likatokea ambalo hakuna mwandishi aliyelipanga. Kipindi cha mwisho cha msimu wa nne kilikuwa kitoke Alhamisi ya tarehe 18 Julai 2024, na hadithi yake inahusu njama ya kumuua rais mteule. Jumamosi ya tarehe 13, siku tano kabla, Donald Trump alipigwa risasi sikioni kwenye mkutano wa kampeni huko Pennsylvania. Kipindi kilikuwa kinaitwa Assassination Run. Wakakiondoa jina hilo, wakakiita tu kipindi cha mwisho cha msimu wa nne, na wakaweka tahadhari mwanzoni. Kingeachiwa pamoja na vingine tarehe 13 Juni, sisi sote tungekuwa tumeshakitazama mwezi mzima kabla. Badala yake nilikitazama nikiwa na picha za habari za wiki ile machoni, nikitetemeka. Wapo watakaosema hiyo ni bahati tu. Ndiyo, ni bahati, lakini inampata yule aliye barabarani. Aliyekwisha fika nyumbani haimkuti.

Kwa anayeniuliza achague lipi, ninampa jibu la mtu aliyejaribu. Msimu wa kwanza utazame kwa siku mbili au tatu, hata kwa usiku mmoja kama una nafasi. Kuanzia wa pili fuata vitatu siku ya kwanza, kisha kimoja kimoja, hata kama vyote viko mbele yako na hakuna anayekuzuia. Kama wiki ni ndefu mno, weka siku mbili. Nenda kwenye mpangilio wa akaunti uzime kile kitufe cha kujianzishia kipindi kinachofuata. Mimi nilikizima nikiwa nimechelewa, siku ya saba. Msimu wa tatu, kipindi cha sita, usikitazame na mkwe wala na mzazi chumba kimoja. Na tafuta mtu. Bila mtu wa kumpigia Jumamosi, ile wiki ni ungojaji mtupu, na hapo naelewa kabisa kwa nini wengine walitoa nyota moja.

Kwa ratiba iliyotangazwa, msimu wa tano ni wa Jumatano: vipindi viwili tarehe 8 Aprili, kisha kimoja kila wiki hadi tarehe 20 Mei. Nimeshaangalia ratiba ya zamu: Jumatano tatu kati ya hizo niko usiku, moja nimebadilishana na mwenzangu wa wodi ya watoto. Malipo ya Aprili ni yangu, ya Mei ni ya mdogo wangu. Simu itakuwa Alhamisi saa tatu usiku, na mume wangu amedai kiti chake kwenye spika. Jana mdogo wangu alinipigia kuhakikisha, na kabla ya kukata akakohoa mara mbili.